Mwali Akinyamaza

Saa kumi na moja jioni, Bagamoyo, chini kidogo ya soko la samaki, pale ambapo mchanga umeshindiliwa na miguu ya wachukuzi mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Wanafunzi wanne wa chuo kikuu walio likizo wanafanya mazoezi ya kipande cha mwisho cha Measure for Measure ya Shakespeare. Mtawala wa Vienna ananyoosha mkono na kumposa Isabella, binti aliyekuwa njiani kuingia utawa. Isabella hajibu. Hakusahau maneno. Hakuandikiwa.

Binti anayemwigiza akawageukia wenzake. "Sasa mimi hapa nafanya nini?"

Hakuna aliyejua. Yalisikika mawimbi tu, na mafuta ya mama muuza mihogo yakichemka hatua chache kutoka pale. Yeye ndiye aliyejibu, macho yake yangali kwenye karai.

"Si kanyamaza? Basi kakubali. Mwali akinyamaza kakubali."

"Mama, lakini huyu alitaka kuwa sista."

"Angekuwa hataki angesema. Mdomo si anao, mwanangu?"

Wakacheka, wakaendelea. Mimi neno lile limenikaa kichwani, hii ni wiki ya nne.

## Dakika nne

Kwanza tupime kimya chenyewe, maana watu wengi wanaosoma fasihi ya Kiingereza hawajawahi kukipima.

Maneno ya mwisho ya Isabella ni ya kumwombea msamaha Angelo, yule yule kaimu mtawala aliyetaka alale naye ndipo amwachie kaka yake. Baada ya hapo tamthilia inakwenda karibu mistari 80 na yeye hatamki kitu. Jukwaani, mistari ya namna ile huenda kama 20 kwa dakika. Kwa hiyo ni dakika nne hivi. Kwenye karatasi jicho linazivuka kwa pumzi moja na hakuna anayeona pengo.

Ndani ya dakika hizo analetwa mtu aliyefunikwa uso, anafunuliwa, kumbe ni Claudio, kaka ambaye Isabella aliambiwa amekatwa kichwa. Ndugu hao wawili hawasemeshani hata neno moja. Chapa ya kwanza ya mwaka 1623 haina hata maelekezo kwamba wanakumbatiana. Halafu Mtawala anaposa, mara mbili.

Aliyetoka kidato cha sita na madesa yake amefundishwa kukusanya dhamira, wahusika na ujumbe. Anachokusanya ni yaliyosemwa. Asiyesema hana la kunukuliwa, na asiye na la kunukuliwa haingii kwenye insha.

Jukwaani ndiye anayetazamwa.

Dawa yake ni ya penseli tu. Pembeni mwa kila ukurasa chora safu tatu: nani yupo jukwaani, nani anasema, na nani yupo lakini hajasema tangu lini. Kitendo cha tano cha tamthilia hii ni onyesho moja refu, zaidi ya mistari 500, na watu wanaingia na kutoka kama kituo cha daladala. Ukijaza safu ya tatu, jina la Isabella linaanza kujirudia ukurasa baada ya ukurasa, na hapo ndipo unapogundua kwamba una swali.

## "Simama, nasema"

Swali la pili la mwigizaji ni la mwili. Amekaa, amesimama au amepiga magoti?

Nakala nyingi za siku hizi zitakuambia kwenye mabano ya mraba kwamba Isabella anapiga magoti. Mabano hayo yana maana yake: kilichomo kimewekwa na mhariri, wakati mwingine karne moja au mbili baada ya mwandishi kufa. Nakala za bure za intaneti mara nyingi hufuta tofauti hiyo, na mwanafunzi anaandika insha nzima juu ya "maelekezo ya Shakespeare" ambayo Shakespeare hakuyaona. Kosa hilo ni la kawaida mno, na hugharimu alama.

Maelekezo ya kweli yamefichwa ndani ya maneno. Mariana, mwanamke aliyetoka kuozwa kwa Angelo sasa hivi, anamsihi Isabella apige magoti naye, ainue mikono, asiseme kitu; atasema yeye. Baadaye Mtawala anawaambia wasimame. Basi tunajua magoti yameanza wapi na yanaishia wapi bila mabano ya mtu yeyote.

Soma tena ombi la Mariana. Anamwambia asiseme kitu.

Isabella anasema. Anaombwa anyamaze, naye anatoa hoja ndefu yenye mpangilio wa wakili, kumtetea mtu aliyemdhulumu. Punde Mtawala anamtaka atamke kwamba atakuwa wake, na hapo ndipo ananyamaza. Akiambiwa kimya anasema, akiambiwa sema anakaa kimya. Mwenye kusoma kwa macho pekee huliona hili akibahatika. Mwenye kupiga magoti kweli kwenye mchanga na kusimama kweli halikosi, kwa sababu magoti yanauma na anataka kujua ameruhusiwa lini kunyanyuka.

Jambo jingine la kupigia mstari ni wewe mbili. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na wewe ya heshima au ya umbali (you) na wewe ya kumshusha au kumkaribia mtu (thou). Anapomhukumu Angelo, Mtawala anahamia kwenye ile ya kumshusha. Anapomposa Isabella anabaki na ile ya heshima, moja kwa moja. Kwetu tungesikia tofauti ya namna hiyo mtu akitoka "bwana fulani" akaingia "we". Pigia mstari kila mahali panapobadilika. Hapo mwigizaji ana kitu cha kufanya.

## Mizani kumi, mapigo matano

Hapa wengi wetu wa pwani tunajikwaa, na tunajikwaa kwa sababu ya utajiri, si umaskini. Sikio letu limelelewa na mizani, yaani hesabu ya silabi. Mtoto wa Tanga au Bagamoyo anajua mshororo wenye mizani 16 bila kuambiwa, na ukipungua moja anashtuka. Kwa hiyo akiambiwa mstari wa Shakespeare una mizani 10 anafurahi, anahesabu 10, anaona kazi imekwisha.

Haijakwisha. Kiingereza kinahesabu mkazo. Mstari ule una mapigo matano, silabi dhaifu kisha nzito, na mizani 10 ni matokeo yake. Sisi mkazo wetu una nyumba yake, silabi ya pili kutoka mwisho. Hatuna haja ya kuutafuta. Wao unahama.

Uchukue mstari wenyewe wa posa: "Give me your hand and say you will be mine." Usome kama tunavyousoma tukiwa hatujajitazama: givu mi yo hendi endi sei yu wili bi maini. Hesabu. Ni mizani 17, umeshapita hata shairi la kawaida. Kila konsonanti ya mwisho tumeipa irabu kwa ukarimu, na mapigo yamezama.

Wanaofanya kazi hii vizuri huanza bila maneno. Ngoma ndogo, au kiganja juu ya paja, mapigo matano, mara kumi. Kisha maneno matano yenye mkazo peke yake: give, hand, say, will, mine. Kisha mengine yanaingizwa kati, mepesi, yakikimbia. Dakika kumi na tano kila siku kwa wiki mbili hubadilisha mdomo. Kuiga lafudhi ya London hakusaidii lolote. Lafudhi ya Bagamoyo inabeba mapigo matano bila shida, irabu za kuongezea ndizo zinazoyaua.

Ukishasikia mapigo, mstari huo unakuambia jambo. Kwa kawaida silabi ya kwanza ni dhaifu, lakini huu unaanza na nzito. Nipe. Hii posa ina sauti ya amri. Na mstari unaofuata, ambamo Mtawala anasema Claudio sasa ni ndugu yake pia, lakini hilo lina wakati wake, una mizani 12. Umezidi.

Kwa nini amejikatiza mwenyewe? Hakuna aliyemjibu. Hakuna aliyesema lolote.

Lazima kuna kitu amekiona.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: uso wa Isabella haukuandikwa popote, lakini kivuli chake kimeanguka kwenye mstari wa mtu mwingine, katika mizani mbili zilizozidi. Mwanafunzi wa fasihi anayejua kuhesabu atauona. Mwanafunzi wa maonyesho ataujaza. Anayesoma vyote viwili hana budi kufanya yote, na hapo ndipo matata yanapoanza.

## Ama na ama

Mhakiki anaruhusiwa kusema "ama amekubali ama amekataa, na uzuri wa tamthilia uko kwenye utata huo." Anapata alama nzuri. Mwigizaji saa mbili usiku hana "ama". Akinyoosha mkono amekubali. Akiurudisha nyuma amekataa. Akisimama tu kama mlingoti, hadhira itaamua kwa niaba yake, kama mama wa mihogo alivyoamua.

Mfano mashuhuri uko kwenye Macbeth. Macbeth anamuuliza mkewe itakuwaje wakishindwa, naye anajibu maneno mawili: "We fail". Chapa ya 1623 imeweka alama ya kuuliza. Lakini wachapaji wa siku zile waliitumia alama hiyo hiyo pia kwa mshangao, kwa hiyo haiamui chochote. Sarah Siddons, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa 1755, anasimuliwa kuyajaribu kwa namna tatu katika maisha yake ya jukwaani: swali la dharau, kisha mshangao wenye hasira juu ya neno la kwanza, na mwishowe kauli tupu yenye nukta, kwamba tukishindwa tumeshindwa, basi. Kila namna inazaa mwanamke mwingine. Insha moja inaweza kuwabeba wote watatu. Usiku mmoja wa maonyesho unabeba mmoja.

Nimesikia walimu wa fasihi wakilalamika kwamba jukwaa linawaharibia wanafunzi: mtu akishaigiza Isabella anayekataa, anaandika kana kwamba tamthilia imesema amekataa. Lalamiko hilo ni la haki. Kwa muda nilidhani linatosha kuzitenganisha fani hizi mbili, kama zinavyotenganishwa vyuoni kwa vyumba na ratiba. Kilichonigeuza ni kuona kwamba kosa hilo lina tiba rahisi: usiigize namna moja. Fanya tatu kwa mazoezi matatu, kila moja kwa imani yote, na ndipo ukaandike. Mwenye kujaribu tatu anaandika "ama" yenye mifupa, kwa sababu anajua kila moja inagharimu nini na inavunjika kwenye mstari gani.

Watafsiri nao wanakatika kwenye kona hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice, mwaka 1969 ikatoka kama Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara wa kichwa cha Kiingereza ni mmoja, Antonio. Mwalimu kawafanya wengi, na kawapa jina ambalo miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakuna Mtanzania aliyelisikia bila kujikunja. Ni kosa la tafsiri? Ni uamuzi wa mwongozaji, umefanywa kwa neno moja kabla taa hazijawaka.

## Saa za mazoezi

Kuhusu ratiba nitasema machache, maana ni jambo chungu na halina ushairi.

Kanuni ya mazoea ni saa moja ya mazoezi kwa kila dakika ya jukwaani. Onyesho la dakika 20 ni saa 20, na saa hizo si zako peke yako. Ni za watu wanne au sita, na mmoja wao kila mara ana udhuru. Insha unaweza kuiandika usiku wa manane peke yako. Mazoezi hayakubali. Kwa hiyo wanaosoma vyote hufeli upande wa fasihi, wakati mwingine hadi supu, yaani mtihani wa marudio, si kwa kukosa akili bali kwa sababu jukwaa lina watu wa kukupigia simu na kitabu hakipigi.

Panga insha juu ya tamthilia ile ile unayoifanyia mazoezi, kila mara kozi inaporuhusu. Na weka daftari la mazoezi, mistari mitatu tu kila jioni: tumejaribu nini, kimevunjika wapi, kwenye mstari wa ngapi. Andika pia ni nakala ipi unatumia, kwa sababu namba za mistari hutofautiana baina ya wahariri.

Kisha ukiandika insha, daftari libaki kabatini. "Nilipoigiza nilihisi" si ushahidi. Ushahidi ni magoti, mizani 12, amri ya kusimama. Mazoezi yamekuonyesha pa kuchimba. Kinachowekwa mezani ni kilichochimbwa.

Usikariri kabla hujaamua. Maneno yaliyokaririwa kwa wimbo wa darasani hayabanduki, hata mwongozaji akulilie.

## Walii yuko wapi?

Narudi kwa mama wa mihogo, kwa sababu wale wanne walimcheka, na nadhani walicheka mapema.

Mwaka 1970, huko Stratford, Uingereza, mwongozaji John Barton alimwacha Isabella peke yake jukwaani mwishoni, hajaupokea mkono. Kabla ya hapo mazoea yalikuwa aupokee. Tangu siku zile, ukisoma fasihi ya Kiingereza popote, kimya chake ni swali, na mara nyingi swali lenye harufu ya kukataa. Mwanafunzi wetu anabeba hilo kichwani hadi ufukweni Bagamoyo, anawekewa mbele hadhira ambayo kimya cha binti kina jibu tayari. Kosa la nani?

Wiki za kwanza nilidhani ni suala la hadhira tu: ukimchezea Isabella anayekataa mbele ya watu wa hapa, usimwache na kimya kitupu, mpe hatua mbili za kurudi nyuma, la sivyo utaeleweka kinyume. Ushauri huo bado nausimamia. Lakini mama alisema zaidi ya alivyokusudia.

Kimya cha mwali ni idhini kwa masharti. Fikihi, sheria ya Kiislamu, inasema ni kwa bikira, na anayemuuliza awe walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa. Mjane au aliyeachwa lazima atamke. Sasa tazama jukwaa kwa jicho hilo. Baba yake Isabella amekufa, tamthilia inalitaja kaburi lake. Walii ni Claudio. Na Claudio yupo pale pale, kafunuliwa uso sasa hivi, kapewa msamaha sasa hivi, na katika sentensi ile ile ya msamaha dada yake anaposwa. Hakuna aliyemuuliza yeye. Mwenye kuposa anamuuliza binti mwenyewe, mbele ya mji mzima, huku uhai wa kaka bado una joto la mkono wake.

Angelo alitaka mwili wa dada kwa uhai wa kaka. Mtawala anatoa uhai wa kaka kwanza, kisha ananyoosha mkono. Wahakiki wa Kiingereza wameshalisema hili kwa njia zao. Lakini swali la "walii yuko wapi" linakufikisha hapo kwa hatua moja, na linakupa kitu cha kuigiza: Isabella asimtazame Mtawala wala hadhira. Amtazame kaka yake.

Nililipeleka kwa wale wanne Jumamosi iliyopita, pale pale kwenye mchanga. Wakabishana kidogo juu ya umbali. Mwongozaji wao alitaka Claudio akae hatua mbili kutoka kwa dada. Ikaonekana wanataka kukumbatiana. Wakampeleka hatua sita, nyuma ya bega la Mtawala. Hapo Isabella akimtafuta kaka kwa macho, Mtawala anadhani anatazamwa yeye, anatabasamu, kisha anageuka kufuata macho yake, anamwona Claudio ameinamisha kichwa. Lakini hilo lina wakati wake. Mizani 12 zikakaa.

Mama wa mihogo alikuwa anaopoa vipande kwa kijiko cha matundu. Safari hii alitazama.

"Na huyu kaka mtu naye kanyamaza?"

"Kanyamaza, mama. Naye hakuandikiwa."

Akakung'uta kijiko ukingoni mwa karai. "Hebu rudieni."

Wakarudia, kuanzia kwenye magoti.